Usiku wa wanawake majasiri: namna ya kuuandaa mtaani kwenu hapa Mombasa

Huu usiku ninaouzungumzia si wa kuwasifu akina mama kwa uvumilivu. Sifa za uvumilivu tumeshazisikia za kutosha, harusini zasemwa, matangani zasemwa, mama fulani alistahimili, hakuinua sauti, hakujibu mtu. Mimi nataka tuwakumbuke wale waliojibu. Waliotoroka walikofungwa, waliosoma kwa kujificha, waliotia tupa, kile chuma cha kukerezea, ndani ya mkate, wanawake ambao wakati wao watu walisema hawa wameharibika na leo ndo twaona kazi waliyoifanya.

Kila ikikaribia tarehe 8 mwezi wa tatu, au 20 Oktoba siku ya Mashujaa, dada zangu wanaanza kuuliza tufanye nini, tumwalike nani, na mara nyingi inaishia hotuba tatu na soda. Bas nimeandika yote hapa pamoja, uwe Kibokoni, Majengo, Likoni au Kisauni, usome na wenzako mpange. Pesa nyingi haitaki. Yataka watu kama sita hivi wanaojali, na mwezi mmoja na nusu wa kujitayarisha.

Chagueni wachache

Kinachoua hizi shughuli ni orodha ndefu. Mtu anakuja na majina thelathini ametoa kwa intaneti, kila mmoja mistari miwili, mpaka jina la kumi watoto wamelala na wamama washaanza mazungumzo yao. Chukueni wanne, wakizidi sana watano. Na kigezo changu mimi ni kimoja tu, kila mwanamke awe na kitu ambacho mtu anaweza kukishika mkononi, kuku, mkate, siwa (ile pembe kubwa ya kupuliza), mfupa. Manake mgeni mwaka atausahau ila kuku hamsahau.

Mekatilili wa Menza msimuache, na tafadhali msimtaje kijuujuu. Huyu ni mama wa Kigiriama, mjane tayari na si kijana, mwaka 1913 Waingereza wanataka kodi ya nyumba na wanataka vijana wakafanye kazi kwao, yeye akazunguka vijijini akicheza kifudu, watu wanamfuata, wanakusanyika, na wakishakusanyika anawaambia maneno yake. Alafu kuna ile ya kuku, inasimuliwa mpaka leo. Kwenye baraza mbele ya yule bwana mkubwa wa Kiingereza, Champion, akaleta kuku na vifaranga vyake, akamwambia hebu chukua kifaranga kimoja, Champion akanyoosha mkono, kuku akamrukia akamdonoa. Akamwambia ndo hivo, ukigusa watoto wetu utaona. Oktoba mwaka huo huo wakamkamata yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa mbali magharibi mwa Kenya wakafungwa huko, na Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu mpaka Ugiriamani. Kwa miguu jamani, msitu, mito, simba. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti na yeye wakamshika tena wakampeleka Kismayu. Alirudi kwao 1919, akafariki 1924. Ukienda Malindi sanamu yake ipo, ile bustani ina jina lake, na kila Agosti kuna sherehe yake huko.

Sasa kwenye usiku wenu mlete kuku wa kweli na vifaranga. Nasema kweli. Mumtie kwenye tenga mumuweke mbele watu wamuone tangu wanapoingia, wasielewe ni wa nini, msimulizi akifika mahali pale afungue tenga amwambie baba mmoja aliyekaa mbele achukue kifaranga. Hakuna hotuba itakayofanya kazi ile. Ila muwe na mtu wa kuku, anayewajua kuku, awe karibu na tenga wasije wakaumia vifaranga kwa miguu ya watu.

Na kuhusu kifudu, msije mkakicheza ovyo ovyo kama shoo. Ni ngoma ya matanga ya Mijikenda na ina heshima zake na masharti yake. Kama mna wamama wa Kigiriama mtaani waendeeni, wakisema wacheni, wacheni, wakisema watakuja wenyewe, wawekeeni nafasi ya mbele na muwaache waongoze wao.

Wa pili wangu mimi huwa ni Saada. Wengi wanamjua Fumo Liyongo, jitu la vita, mshairi, lakini muulize mtu nani alimtoa jela aanze kukuna kichwa. Liyongo alikuwa amefungwa Pate kwa amri ya sultani, kijakazi wa mamake jina lake Saada anampelekea chakula kila siku, na kila siku walinzi wanakula kizuri wanamuachia makombo. Liyongo akaimba ujumbe, walinzi wanasikia wimbo tu, Saada akausikia ujumbe, akaupeleka kwa mama, na mama akapika mkate wa wishwa akatia tupa ndani yake, na mikate mingine mizuri ya unga safi akapika pia. Walinzi wakachukua mizuri, ule wa wishwa wakautupia mfungwa, wa nini, pumba. Usiku ikapigwa ngoma ya gungu, kelele zikajaa, ndani huko Liyongo anakata minyororo na mlio wa tupa hausikiki.

Sasa hebu fikirini. Kijakazi. Hana jina la baba kwenye hadithi, hana cheo, angeshikwa na ile tupa mlangoni hakuna mtu angemuombea. Kila siku anapita kwa walinzi wale wale na uso ule ule. Mimi kwangu huyu ujasiri wake unamzidi Liyongo mwenyewe, na nasema hivo kila mahali, wazee wanaguna lakini nasema. Na mama mtu pia, maana Liyongo alipokuja kuuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, alikufa amepiga goti karibu na kisima na mshale wake mkononi, mji mzima ukaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yuhai, mama ndo aliyetangulia kumsogelea kumsihi.

Hapa pana jambo msilikimbie. Saada alikuwa mtumwa, na Mekatilili inasimuliwa kwamba nduguye alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mbele yake. Sisi watu wa pwani tukisimulia haya tusipite haraka haraka hapo. Kuna watu watakaokaa kwenye viti vyenu usiku huo bibi zao waliletwa hapa kwa kuuzwa, na kuna wengine babu zao ndo walionunua. Semeni tu wazi, alikuwa mtumwa, alifanya hivi, basi. Watu wazima wataelewa na watoto watauliza, wajibuni.

Wa tatu ni Mwana Darini wa Pate, na huyu hapa Mombasa wengi hawamjui kabisa. Habari za kale za Pate zasema mumewe aliuawa na sultani, akabaki na mwanawe. Miaka ikapita, kwa sultani wakapanga jando la mtoto wao, na wakala njama kwamba mtoto wa Mwana Darini aingie jando siku hizo hizo ili aaibike, kwa sababu sherehe ya watu wakubwa bila siwa si sherehe na siwa iko kwao wao. Yeye akapata habari. Hakulia, hakuenda kuomba. Alimuita fundi mmoja, sharifu hodari wa kuchonga, akamletea pembe za ndovu achague, fundi akakaa ndani ya nyumba yake akichonga kwa siri mpaka siwa ikaisha, na siku ya jando la mwanawe mji ukasikia siwa inalia nyumbani kwa Mwana Darini. Siwa ya pembe ya Pate mpaka leo ipo Lamu Museum, inapulizwa kwa ubavuni, ukipata safari nenda uitazame kwa macho yako. Kwenye usiku wenu kama hamna mtu wa kupuliza siwa tafuteni mzumari, au hata kijana wa baragumu la skuli, sauti itoke ghafla nyuma ya watu wakati msimulizi amenyamaza.

Wa nne mtabishana. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja, alizaliwa 1844. Zama zile mabinti walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Akachukua mfupa wa bega la ngamia akawa ananakili herufi za msahafu mwenyewe, kwa siri, mpaka akajua. Baadaye ndugu zake walipogombania ufalme yeye ndo alikuwa anawaandikia barua. Mwaka 1866 akatoroka Unguja, alikuwa na mimba ya Mjerumani, akabadili dini akaolewa, na 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Hapo ndo patawaka moto. Mimi nasema msimuondoe na wala msikate kipande kisichowapendeza. Simulieni yote, alafu muweke mfupa mezani, mfupa wa bega wa ng'ombe mtapata buchari yoyote ukimuambia mapema, uchemsheni, uanikeni juani mpaka ukauke kabisa, na mumpe kila msichana anayetaka wino aandike jina lake kwenye ule mfupa. Tunachosherehekea ni ule mkono ulioandika kabla haujaruhusiwa, mengine ni kati yake na Mola wake.

Wakiwa wazee wana wasiwasi na shughuli yenyewe anzeni na Nusayba bint Kaab, Mungu amridhie. Alikwenda Uhud na kiriba cha maji kuwanywesha watu, mambo yalipogeuka na watu wakakimbia yeye akashika upanga akasimama mbele ya Mtume swalla Allahu alayhi wasallam akimkinga, akajeruhiwa mara nyingi, na miaka baadaye kwenye vita vya Yamama akapoteza mkono. Ukishamsimulia Nusayba kwanza, ile ya mwanamke hafai kusimama mbele inapoa yenyewe.

Wa mbali mnaweza kuwapitia mbio mbio tu, dakika moja moja, au muwape watoto wa skuli wawaigize. Nzinga wa Ndongo, 1622 kule Luanda gavana wa Kireno alimtandikia mkeka badala ya kiti akakaa juu ya mgongo wa mtumishi wake wakazungumza macho kwa macho. Yaa Asantewaa wa Ejisu aliyeongoza vita mwaka 1900 baada ya gavana wa Kiingereza kudai kile Kiti cha Dhahabu cha Waashanti. Na wa Kenya bara pia msiwasahau, Moraa wa Kisii aliyemchochea Otenyo kumpiga mtawala wa Kiingereza Northcote mkuki mwaka 1908, na Muthoni Nyanjiru aliyesimama mbele ya bunduki Nairobi tarehe 16 Machi 1922 wakati wa kudai Harry Thuku aachiliwe, akapigwa risasi.

Na Mwana Mkisi mumuweke mwanzo wa kila kitu. Simulizi za Wamvita zasema kabla ya Shehe Mvita mji huu ulikuwa na malkia, Mwana Mkisi, na mji ukiitwa Kongowea. Watoto wetu wanapita Kongowea kila siku kununua nyanya na hakuna aliyewaambia. Hamhitaji zaidi ya sentensi tano, msimulizi ataje jina, aseme mji huu ulianza na mwanamke, shughuli ianze.

Kutafuta habari zenyewe

Bibi zenu kwanza. Kaeni nao asubuhi akili ikiwa na utulivu, mupeleke mahamri, muwaulize kuhusu lelemama, ile ngoma ya wanawake, zamani hapa Mombasa vyama vya wanawake vilikuwa na vyeo, sare, mabenchi wanayopanda juu wakicheza, na nyimbo za kumpasha mtu ukweli wake. Mkimpata bibi aliyekuwa kwenye vyama vile basi nusu ya usiku wenu umeshapatikana. Alafu kwa mambo ya maandishi nendeni Fort Jesus mukaulizie watu wa makumbusho na wa taasisi ya utafiti wa Kiswahili pale, waambieni mnatafuta nini hasa, usiende kusema nataka habari za wanawake, sema nataka habari za Mwana Darini.

Na mtenganishe. Ya Mekatilili kukamatwa 1913 ni historia, yameandikwa. Kuku yasimuliwa. Liyongo na Saada ni hadithi na utendi. Msimulizi aseme waziwazi, hapa yasemekana, hapa yameandikwa, haipunguzi utamu hata kidogo na inawafunza watoto kuuliza.

Siku na mahali

Tazameni kalenda mbili, ya ukutani na ya mwezi. Ramadhani hapana, watu wanataraweh. Shaaban harusi zimejaa, wapishi hawashikiki na spika zote zimekodiwa. Mfungo sita watu wako kwenye maulidi. Aprili na Mei masika, ukifanya uani utaloa. Machi mwanzoni joto ni kali kwa hivyo msifanye mchana kabisa, Oktoba hali nzuri ila muwe na turubai.

Saa, baada ya isha. Mkianza alasiri mtakatwa na maghrib katikati na watu hawarudi wote. Mahali, ua mkubwa wa nyumba ya mtu ni bora kuliko holi, kuna ukaribu, na ukuta wa kutundikia leso. Kama ni ya wanawake pekee semeni mapema na muwe na mtu mlangoni wa kukusanya simu, kuna wamama hawatacheza wala kuimba wakijua wanarekodiwa, na wana haki. Kama ni ya watu wote, wanaume waje ila wasipewe maiki mwanzo, wakianza wao shughuli inakuwa ya kwao. Mwenye ua mumuulize kuhusu stima, na muwe na taa za betri kwa sababu twaijua stima yetu.

Leso

Hapa mie nashughulika sana kwa sababu leso ndo gazeti letu. Kuchapisha leso mpya kiwandani kwataka mpige nyingi, kwa mtaa mmoja haiwezekani. Fanyeni hivi, nendeni Biashara Street mukanunue marikani nyeupe, mukate vipande vya ukubwa wa leso, kila mwanamke mnayemsherehekea apate chake. Mchoreni pindo lake kwa rangi ya kitambaa, mji, yaani pale katikati, muweke kile kitu chake, kuku na vifaranga kwa Mekatilili, mkate kwa Saada, siwa, mfupa, na chini jina. Jina ndo kazi. Msiandike Mekatilili Shujaa Wetu, hakuna mwanamke wa Mombasa atavaa leso ya namna ile. Jina la leso lichome. La Mekatilili sisi tuliandika MWANA WA KUKU HAGUSWI. La Saada, MKATE WA WISHWA USIUDHARAU. La Mwana Darini, YA KWAO WAKAE NAYO YANGU NIMECHONGA. Wapeni wamama wa mtaa karatasi wiki mbili kabla washindane kutunga majina, mtashangaa, na yule ambaye jina lake limechaguliwa ndo atakayeitundika leso ukutani usiku ule. Rangi ikikauka mpige pasi upande wa nyuma isije ikatoka, na mstari wa jina mupige kwa penseli na rula kwanza, herufi zikipinda yaharibika yote.

Mkate wa Saada

Pikeni wa kweli. Pumba ya ngano au ya mahindi mtapata kwa mashine ya kusaga, ichekecheni kuondoa makapi makubwa. Pumba vikombe viwili, unga wa ngano kikombe kimoja na nusu ili ushikane, hamira kijiko cha chai, chumvi, sukari kidogo, tui au maji ya vuguvugu mpaka uwe mzito wa kuchota kwa mwiko. Uacheni uumuke, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa chini machache na juu ya kifuniko mengi, kama mnavopika wa sinia. Utatoka mzito, wa kahawia, una ladha ya moshi na wala si mbaya ukiula na mbaazi.

Tupa msiioke ndani, chuma cha dukani kina mafuta yake na si salama kula. Mkate ukishapoa mpasue kwa chini kwa kisu chembamba, tupa muivingirishe kwenye jani la mgomba, muiingize, mgeuze mkate ukae vizuri kwenye sinia. Pembeni muweke mikate mizuri, wa mofa, wa kumimina, wa sinia, na wageni wakiingia mwambieni kila mmoja achukue anachopenda. Karibu wote watauruka ule wa pumba. Msimulizi akifika pale pa Saada auchukue ule mkate ambao hakuna aliyeugusa, auvunje mbele ya watu, tupa ianguke kwenye sinia ya chuma ilie. Hamna haja ya kueleza kitu baada ya hapo, nyamazeni kidogo kisha ngoma ya vugo ianze.

Chakula kingine ni kile kile tunachojua, viazi vya karai, bhajia, kaimati, kahawa chungu na tende, sharubati ya ukwaju kwa watoto.

Usiku wenyewe

Msimulizi mmoja kwa kila mwanamke, na asisome karatasi. Dakika nane mpaka kumi, si zaidi. Mfanyieni mazoezi, na kwenye mazoezi mumkatize makusudi, mtoto alie, simu ilie, azoee. Msichana wa miaka kumi na nne anayependa hadithi ni bora kuliko mtu mwenye cheo ambaye atasema kwanza kabisa ningependa kuchukua fursa hii. Wageni wa heshima wakija wakaribisheni, wakae mbele, wale, waitwe majina yao, hotuba hakuna. Waambieni mapema kwenye mwaliko isiwe aibu siku ya siku.

Kati ya hadithi na hadithi pawe na sauti. Vugo ndo linafaa hasa, pembe za nyati na vijiti, wamama wanajua, na nyimbo ni za kwao wenyewe hakuna haja ya kompyuta wala muziki wa simu. Wapeni hadithi wiki moja kabla watunge beti mbili tatu za kila mwanamke kwa mahadhi wanayoyajua. Taarabu ya kucheza wekeni mwisho kabisa, mkiianza mapema hamna atakayerudi kuketi.

Kabla ya taarabu fungueni nafasi moja ambayo mimi naona ndo kiini cha yote. Waulizeni watu, hapa kwenu kuna nani. Kipande cha marikani kimebaki kitupu ukutani, maiki ipitishwe, mtu amtaje mwanamke wa familia yake aliyefanya lisilotarajiwa, nyanya aliyemiliki jahazi, shangazi aliyerudi skuli ana watoto wanne, jirani aliyeficha wasichana walipotaka kuozwa wadogo. Sentensi chache tu. Kila akitajwa jina lake linaandikwa kwenye ile leso tupu. Mwanzo watu watanyamaza, msiogope, muwe mmepanga wawili wa kuanza, wa tatu atakuja mwenyewe na baada ya hapo mtatafuta namna ya kuwanyamazisha. Na wale walio hai muwaulize kwanza kama wanataka kutajwa, kuna mambo mtu alifanya ya ujasiri na hadi leo yanamuweka hatarini.

Wakija na maneno

Watakuja. Mmoja atasema mwawafundisha mabinti ukaidi. Mjibuni kwa adabu, mumuulize Nusayba alikuwa mkaidi? Saada angetii walinzi Liyongo angetoka? Mwingine atasema Mekatilili alikuwa mchawi, hii iliandikwa na wakoloni wenyewe kwenye ripoti zao, na jawabu ni kwamba mtu akikushinda kwa maneno huwa unatafuta jina la kumpa. Mwingine atasema hawa wa hadithi hawakuwapo. Huyo msibishane naye usiku ule, mpeni kahawa, mwambieni aje kesho mkae barazani. Na ikiwa mzee wa mtaa hajaridhika kabisa, muendeeni nyumbani siku mbili tatu kabla, si siku yenyewe, mpelekeeni programu, mumsomee hadithi zote nne. Mara nyingi akishasikia ya Mwana Darini ataanza kuwasimulia mengine yeye mwenyewe na hapo ndo mtapata habari ambazo hakuna mahali zimeandikwa.

Baada ya usiku

Leso msizigawe zikapotea. Mtu mmoja azitunze, mwaka ujao mtundike hizo na mpya. Mfupa uliojaa majina upelekeni skuli ya karibu, au madrasa ikiwa mwalimu ameridhia, wasichana waone majina yao wakipita.

Zile sauti za bibi mlizorekodi asubuhi zile mkitafuta habari, hizo ndo mali. Usiku huo huo au kesho yake kabla hujafanya kitu kingine, taja kwenye rekodi jina lake kamili, mtaa wake, tarehe, na nani alikuwa anauliza, hifadhi mahali pawili, kwenye simu na kwenye flashi anayokaa nayo mtu mwingine. Msizitume kwenye grupu la wasapu mpaka yeye mwenyewe bibi amesikiliza akasema sawa. Akisema kipande fulani kisitoke, kikateni kisitoke, na mumrudie wiki ijayo na mahamri mengine kwa sababu atakuwa amekumbuka zaidi.